BINTI SI MTAJI WA NG'OMBE



Tumebandika maneno haya hapa, penye njia ya kwenda kwenye mizani, ili mtu asije akasema hakusikia. Asiyejua kusoma asomewe na binti yake.

Kuna kasumba imeota mizizi kwetu. Eti hesabu ni za wavulana. Eti msichana akisema mbele ya watu ana kiherehere. Eti kumsomesha ni hasara kwa sababu atakwenda kwa watu. Sisi tunapinga, na tutasema kwa nini.

Tuanze shambani. Nani anapalilia pamba? Nani anachuma? Mama na binti wapo tangu alfajiri. Ikifika siku ya malipo, mbona anayenyoosha mkono ni baba peke yake? Mikono inayoweza kuchuma, inashindwaje kuhesabu?

Tuje kwenye dhahabu. Huko Geita na Kahama wapo wachimbaji wanaoamini kwamba mwanamke akishuka kwenye duara analeta mkosi, dhahabu inakimbia. Haya, mawe yakishatoka, nani anayaponda juani kwa nyundo? Nani anaosha mchanga mwaloni? Mbona hapo mkosi hauonekani? Mkosi huu ni wa ajabu: haupo kwenye kazi ya ujira mdogo, unatokea penye mgao mkubwa tu. Huo si mkosi, ni unyonyaji.

Sasa jambo zito. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Shinyanga, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hatukuwa tunafuata mkoa mwingine. Tulikuwa wa kwanza nchini. Je, hiyo ni sifa?

Wengine hujitetea kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Wajue kwamba Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni jela miaka 30. Na tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shuleni. Mzazi anayemficha jikoni hana tena kisingizio.

Tunajua watasema: "Ng'ombe ndiyo akiba yetu." Ni kweli, umaskini upo, hata sisi tunao. Lakini ng'ombe hufa kwa ukame, na Shinyanga tunaujua ukame. Elimu haifi kwa kukosa majani.

Tena tusiseme wasichana wenyewe ni waoga. Uoga huo tumewafundisha. Binti anachota maji, anatafuta kuni, anapika, anaosha vyombo, halafu kibatari kikiwaka kaka yake ndiye anayesoma. Akiuliza swali anaambiwa nyamaza. Miaka 10 ya kunyamazishwa, halafu mnashangaa hana sauti? Kujiamini ni kama kulima: hujifunzwa kwa kushika jembe. Mama Gertrude Mongella alizaliwa Ukerewe, ziwani hapa hapa kwetu, na mwaka 1995 aliongoza mkutano wa wanawake wa dunia nzima kule Beijing. Hakufika huko kwa kunyamazishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano mkuu ujao uamue haya:

1. Msimu wa pamba, wasichana wanaosoma nao wasimame penye mizani, wasome kilo kwa sauti na kuandika daftarini.
2. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa kaka na dada sawasawa.
3. Kila mkutano, msichana mmoja na mvulana mmoja wapewe nafasi ya kusema, na wazee wasikilize.
4. Kiongozi atakayekaa kikao cha kupanga mahari ya mwanafunzi, au "kuyamaliza nyumbani" kwa kula faini, avuliwe uongozi na apelekwe Polisi.

Asiyekubali aje mkutanoni atupinge kwa hoja, asitupinge kwa minong'ono ya kilabuni. Na binti zetu watakuwepo, wamekaa mbele.

Ushirika wa nusu ya watu si ushirika.