Kabla Umnunulie Shosh Masikio ya Mtandaoni

Wasee, leo naongea na wewe uko na shosh ama guka ambaye lazima umpigie kelele ndio asikie.

Mwaka jana shosh wangu aliacha kwenda chama. Alisema amechoka, lakini nilijua ni aibu. Watu wakicheka, yeye anacheka nyuma yao bila kujua ni nini. Iliniuma. Nikaona tangazo la kidude cha kuweka sikioni, elfu mbili na mia tano tu. Nikaagiza. Nikamrekodi akikivaa mara ya kwanza, tabasamu, machozi, video safi kabisa. Muuzaji akaniambia nikiiposti atanitumia kitu kwa M-Pesa.

Wiki ya pili nikapata kile kidude kabatini, ndani ya kikombe. Nikamuuliza. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nasikia sufuria. Wewe sikusikii."

Kumbe tofauti yote iko hapo. Kile nilinunua ni kikuza sauti. Kinapandisha kila kitu pamoja: sufuria, jogoo, mathree ikipita. Kinamfaa mtu mwenye masikio mazima anayetaka kusikia kitu cha mbali, kama ndege msituni. Lakini wazee wengi hawapotezi sauti zote sawasawa. Zile nyembamba ndizo huenda kwanza, kama s, f na sh. Kwa hivyo anasikia unaongea, lakini hajui umesema "fika" ama "shika". Kifaa cha kusikia chenyewe hupangwa kufuata vipimo vya sikio la huyo mtu. Kinaongeza pale amepoteza, na kinawekewa kikomo ili sauti kubwa isimuumize zaidi.

Najua utaniambia, "Na bei je?" Ukweli, hivyo vifaa huenda makumi ya maelfu na hata zaidi, na hiyo inaniudhi pia. Siwezi kumcheka msee aliyenunua cha bei rahisi, mimi mwenyewe nilinunua. Ninachosema ni kupima kwanza, pesa baadaye. Shosh alipopelekwa kupimwa, sikio moja lilikuwa limezibwa na nta. Ilitolewa siku hiyo hiyo. Sikio la pili ndilo linahitaji kifaa, na tunachanga kama familia. Kidude changu hakingewahi kuniambia hayo yote, kingeendelea tu kupiga kelele juu ya nta.

Na kama mtu wako amepoteza kusikia ghafla, tuseme jana alikuwa sawa na leo sikio limezima, usiagize kitu chochote. Kimbia hospitali siku hiyo, kwa sababu kila siku ikipita nafasi ya kulirudisha inapungua.

Ile video bado iko kwa simu yangu. Sijaiposti na sitaiposti, hata kama doo ingenisaidia. Kuna shosh wa mtu mwingine angeishia na kidude kwa kikombe.

Leo ukifika nyumbani, usifungue ukurasa wa bei. Muulize tu: ashawahi kupimwa masikio?