Mtoto Aliyesema "Yoyote"

Wacha nianze na kosa langu, ndio usiseme nimekuja hapa kuhubiri.

Kabla nianze mambo ya video, baada tu ya kuacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nauza mitumba ya watoto Gikomba. Wasee wa mitumba wanajua: ukishafungua robota, kazi ya kwanza ni kuchambua. Kamera upande huu, fagia upande ule. Ukiuza za watoto unachambua mara ya pili: rundo la wavulana, rundo la wasichana. Hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa naangalia tu. Pinki huku, buluu kule. Maua huku, magari kule.

Jumamosi moja mama akafika na kijana wake, kama miaka mitano hivi. Yule mtoi hakuzunguka. Alienda moja kwa moja kwa sweta ya manjano yenye vipepeo, akaishika kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. Manze, alijua anachotaka kuliko mimi nilivyojua siku najaza fomu za chuo. Mama akauliza bei, nikasema mia. Alikuwa ameshafungua kibeti.

Hapo ndipo mimi mjuaji nikafungua mdomo: "Mathe, hiyo ni ya wasichana. Za wavulana ziko huku."

Mama akacheka kile kicheko cha aibu. "Weka chini hiyo. Kwani unataka kuwa msichana?" Kijana akaiweka. Akarudisha mikono nyuma ya mgongo. Mama akamwambia achague nyingine. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Yoyote."

Akanunuliwa ya kijivu yenye picha ya tingatinga. Nikapata mia yangu, nikaita kastoma mwingine.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo "yoyote" tangu hapo. Dakika moja mtoto ana maoni, dakika inayofuata hana. Na sikumuokolea chochote. Sweta zilikuwa bei moja, joto ni lile lile, saizi ni ile ile. Nilichomfundisha tu ni kwamba ukionyesha unachopenda, watu wazima watakucheka. Tukishamaliza kufundisha hivyo, tunakaa miaka kumi na tano baadaye tukilalamika ati vijana wa kiume hawasemi yanayowasumbua. Kwani wangesema wapi? Si tuliwafunga mdomo kitambo, juu ya sweta?

Sasa najua mtakayoniambia, kwa sababu mmeshaniambia.

La kwanza: ati hizi ni tabia za wazungu. Buda, hapo ndipo mmekosea njia kabisa. Kitu tulicholetewa kutoka nje ni hiyo pinki na buluu yenyewe. Na hata huko nje si ya kale. Kuna picha ya Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, iliyopigwa 1884 akiwa na miaka miwili na nusu. Amevaa gauni jeupe na nywele ndefu. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu enzi hizo watoto wadogo wote huko walivaa magauni meupe, wa kike kwa wa kiume. Meupe unaweza kuyachemsha yakatakata, na gauni linarahisisha kubadilisha nepi. Mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto la huko huko Marekani liliandika kwamba pinki ni ya wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na buluu ni ya wasichana kwa sababu ni laini. Umesoma vizuri. Ilikuwa kinyume. Halafu biashara ikageuza, kwa sababu ukiwa na mtoto wa kike na wa kiume na hawawezi kuachiana nguo, unanunua mara mbili. Hesabu ya duka, wewe unaiita maumbile.

Sasa angalia nyumbani. Morani wa Kimaasai ana shuka, ana shanga shingoni, ana nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu. Mwambie amevaa kike, halafu ukimbie. Nenda Lamu au Mombasa Ijumaa uone wanaume wa heshima zao na kanzu mpaka kwa kifundo cha mguu. Wengine wakirudi nyumbani wanajifunga kikoi, na kikoi hakina miguu miwili. Babu zetu hawakuhitaji suruali ya jinzi ndio wawe wanaume. Lugha yenyewe unayonitusia nayo haijali: "yeye" ni huyo huyo, msichana ama mvulana. Ukisema "amependeza," Kiswahili hakikuulizi ni wa jinsia gani.

La pili: samaki mkunje angali mbichi. Sawa, tukunje. Mkunje awe mkweli. Mkunje asipige wenzake, asalimie wakubwa, aoshe sahani yake. Hayo yanataka kukunjwa kweli. Lakini mtu aliyemkunja mtoto kwa ajili ya rangi ya sweta ametumia nguvu zake zote pahali ambapo hakukuwa na shida.

La tatu, na hapa ndipo wengi mnaogopa ila hamtaki kusema: utamgeuza. Sikiza. Sweta ni uzi. Haiwezi kumwambia mtoto yeye ni nani. Vijana wengi watavaa vipepeo leo na kesho wadai dainosa, na hiyo ndiyo hadithi yote. Na tuseme basi mtoto wako anakua kuwa mtu tofauti na ulivyopanga. Sweta haitakuwa imemfanya, na kumnyima sweta hakutakuwa kumemzuia. Kitu kimoja tu ndicho kitakuwa kimebadilika: kama atakuja kukuambia ama atakuficha. Hiyo ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako.

La nne ndilo ninaloliheshimu: atachekwa. Ni kweli, atachekwa. Mzazi anayesema hivi hana chuki, ana woga, na mtaani woga wakati mwingine ni akili. Mimi simwambii amtoe mtoto nje kupigana vita ya watu wazima. Mwambie mtoto ukweli: "Hii ni nzuri, na kuna watu watasema maneno. Unataka kuivaa nyumbani ama kila mahali?" Yeye achague. Lakini angalia ni nani wa kwanza kumcheka. Kwa ile Jumamosi yangu hakukuwa na watoto wengine. Waliocheka ni mimi na mama yake. Tunasema tunamkinga na dunia, kumbe dunia ni sisi.

Na msidhani haya ni ya wavulana peke yao. Mpwa wangu wa kike ana miaka saba, anaokota vitu: mawe, vizibo, mbegu za jakaranda. Suruali zake karibu zote hazina mifuko. Zina mshono wa mfuko, kama mlango uliochorwa ukutani. Anabeba mawe yake mkononi siku nzima akilaumiwa kwamba anaangusha vitu. Asubuhi za Julai uende Limuru uone wasichana wakitembea kwenda shule na sketi, miguu imepauka kwa baridi, na kaka zao wako kando na suruali ndefu. Wakati wa mapumziko wavulana wanapanda miti, wao wanashikilia sketi zisipeperuke. Halafu tunasema wasichana kwa asili wametulia. Mtu akishikilia nguo yake kwa mkono mmoja, atafanya nini kingine?

Shule inaweza kubadilisha hili kwa barua ya ukurasa mmoja kwa wazazi: suruali ama sketi, rangi ya shule, mtoto achague. Zipo zilizoruhusu na hazijaanguka. Na sheria iko upande wetu. Fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 27(4), kinachoorodhesha mambo ambayo Serikali haiwezi kumbagua mtu kwayo. Kuna kabila, jinsia, dini, utamaduni, na katikati ya hiyo orodha kuna mavazi. Wakenya waliipigia kura. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kwamba msichana wa imani ya Rastafari hakustahili kufukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake. Najua ile kesi ilihusu dini na nywele, haikuhusu vipepeo. Lakini funzo la ndani ni kwamba mtoto haachi kuwa mwenye haki akifika kwa geti la shule.

Bado unaona ni jambo dogo? Rudi Novemba 2014. Mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume stejini, katikati ya Nairobi, mchana, kwa sababu hawakupenda alivyovaa. Tarehe 17 wanawake wakaandamana mjini wakisema nguo yangu, chaguo langu. Kabla mwaka uishe Bunge likapitisha sheria ya kufanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa la jinai. Mimi nilikuwa mtoto tu, lakini nakumbuka watu wazima wakiuliza, "Lakini alikuwa amevaa nini?" Sisemi kila anayemkataza mtoto sweta atazaa mhuni wa stejini. Nasema lile swali linafunzwa mapema. Mtoto akikua akiona kwamba mtu aliyevaa "vibaya" ni halali kuchekwa, kuguswa na kunyang'anywa, ameshapewa nusu ya somo. Nusu nyingine atapewa na umati.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa. Wewe muuzaji, changanya marundo, panga kwa saizi. Wewe shangazi, mjomba, kaka mkubwa, meza huo utani wako, ndio huo unaouma zaidi. Na wewe shule, andika ile barua.

Kama bado unasita, uliza mathe wako ulibebwa na nini mgongoni ulipozaliwa. Leso. Ya maua, labda nyekundu, labda na pinki ndani yake. Ulilala kwayo fofofo, na bado ukakua ukawa huyo mwanaume unayejisifu kwa komenti zangu.

Yule kijana wa vipepeo sasa labda yuko darasa la pili ama la tatu. Sitawahi kumwona tena. Ningemwona, ningempa ile sweta bure na kumwambia sikuwa najua. Lakini wa kwako yuko hapo nyumbani. Wikendi hii mpeleke soko, nyamaza, halafu mwambie achague. Akikujibu "yoyote," ujue kuna mtu alishampitia kabla yako. Muulize tena, polepole, mpaka akumbuke.