Kufuli la Kitabu

Mtu anunuaye jembe hupewa jembe, wala muuzaji hamfuati shambani kumwamuru alime wapi. Anunuaye kitabu cha karatasi hukisoma, humwazima jirani, na hatimaye huwarithisha wanawe. Lakini anunuaye kitabu cha kielektroniki mara nyingi hupewa idhini tu ya kukisoma, na idhini hiyo hutiwa kufuli: kitabu hakisomeki ila katika chombo alichokiruhusu muuzaji.

Wachapishaji husema kwamba kufuli hilo ni kinga ya wizi. Hofu yao si ya bure. Mwandishi hula kwa jasho lake kama mkulima, na anakiliye kazi yake bila ya ruhusa humnyang'anya ujira. Mwizi hana utetezi kwangu. Nauliza tu: kufuli hilo humzuia nani? Mwizi akilivunja mara moja, nakala moja iliyo wazi huzaa nakala elfu, na wazisomao hawalioni kufuli kamwe. Aliyelipa ndiye abakiaye kifungoni.

Ushahidi upo. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, katika vyombo vya wasomaji, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wasomaji walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini ni muuza vitabu gani wa karatasi awezaye kuingia nyumbani mwa mtu na kutwaa kitabu rafuni? Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikatoweka. Fedha zilirudi, vitabu havikurudi.

Kinyume cha hayo, mwaka 2012 wachapishaji wa Tor Books waliondoa kufuli katika vitabu vyao vya kielektroniki. Mwaka mmoja baadaye walieleza kwamba hawakuona ongezeko la wizi lenye kutambulika.

Basi mwizi na ashitakiwe, maana sheria ya hakimiliki iliwekwa kwa kazi hiyo. Na bei ipunguzwe, ili kishawishi nacho kipungue. Kumfunga mwaminifu kwa kosa la mwingine si haki. Nanyi vijana, wanunuzi na waandishi wa kesho, kabla ya kulipa ulizeni: je, ninauziwa kitabu, au ninaazimwa tu?