“Green” Si Kijani Tu



Wiki mbili zilizopita alitujia mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, akiwa ameshika barua ya mwajiri wa mwanawe. Kijana huyo alipata kazi ya ukarani katika kampuni moja, kwa majaribio ya miezi 3. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, mkuu wake alimwambia kwa Kiingereza kwamba yeye bado ni “green”. Kijana alirudi nyumbani uso umemkunjuka, akamweleza mama yake kuwa bosi amemlinganisha na rangi ya kijani. Naye mama, aliyelelewa katika nyumba ambamo kijani ni rangi ya bendera za maulidi, alifurahi, akawasimulia majirani kwamba mwanawe amesifiwa.

Kisha ikaja barua. Majaribio yameongezwa miezi 3 mingine, kwa kuwa kijana hajaimudu kazi na hakuonyesha kuyazingatia maonyo aliyopewa. “Maonyo gani?” mama alituuliza. Alikwisha kumshuku mwanawe kwamba amemficha jambo, na siku tatu hawakuzungumza vizuri.

Hakumficha. Onyo lilikuwa ni lile neno moja, na wote wawili walilisikia wakalipokea kama zawadi.

Tumeona tulieleze neno hili, maana halimsumbui kijana huyo peke yake. Katika Kiingereza “green” ni neno la kale, lenye undugu na “grow”, yaani kuota na kukua, na “grass”, yaani nyasi. Waliolitumia mwanzo walikuwa wakiitazama mimea inayochipua. Na kwa kuwa tunda lisiloiva aghalabu huwa na rangi ya jani, neno la rangi likawa pia neno la hali: kisichoiva, kisichokauka, kisichokomaa. Kutoka kwenye tunda likahamia kwa mtu. Mgeni wa kazi huitwa “greenhorn”, jina ambalo hapo kale lilihusishwa na ng’ombe mchanga mwenye pembe changa.

Sisi Waswahili tunalo neno la hali hiyo, wala si kijani. Ni -bichi. Twasema embe bichi, nyama mbichi, kuni mbichi, hata nguo iliyoanikwa ikawa bado haijakauka twasema ni mbichi. Na kijana asiyeijua kazi twasema, “Huyu bado mbichi.” Lau yule mkuu angeyasema maneno haya matatu, kijana angeshituka palepale, akauliza amekosea wapi.

Kwa hiyo mtu anayetafsiri Kiingereza na ajihadhari. Mbao ambazo Mwingereza huziita “green” ni mbao mbichi, zilizopasuliwa zikawa hazijakauka. Matofali ya namna hiyo ni yale yasiyochomwa. Kahawa ya namna hiyo ni buni isiyokaangwa. Sisi wenyewe, tukiri, tuliwahi kuchapa habari ya “mbao za kijani”, na fundi mmoja akatupigia simu kutaka kujua zinauzwa wapi, akidhani zimekwisha pakwa rangi.

Hata hivyo lugha zetu hazikupishana sana kama inavyodhaniwa. Kijani chatokana na jani, na wazee wetu hawakusema kijani tu, walisema kijani kibichi. Watu wa pwani wana chanikiwiti, na humo ndani mna -witi, ambayo katika lahaja za kaskazini ndiyo hiyo -bichi. Rangi na ubichi vimo katika neno moja. Sisi tuliviweka pamoja kwenye jina la rangi, ila hatukumwita mtu kijani. Mwingereza alimwita.

Zipo maana nyingine. Wivu nao wamepewa rangi hii: mwenye kuhusudu husemwa kuwa amegeuka “green”. Shakespeare aliupa wivu macho ya rangi hiyo katika tamthilia mbili, Othello na ile ya mfanyabiashara wa Venice, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwetu husuda ina jicho pia, lakini jicho letu halina rangi, lina madhara tu. Taa ya kijani barabarani ni ruhusa, na ndiyo maana mtu aliyekubaliwa jambo husema kapewa taa ya kijani. Kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani huitwa “Green Card”. Kwa miaka mingi haikuwa ya kijani, jina likabaki, hadi mwaka 2010 rangi iliporudishwa.

Maana iliyotapakaa zaidi leo ni ya mazingira. Mwaka 1977, Profesa Wangari Maathai wa Kenya alipoanzisha harakati za kupanda miti, alizipa jina la ukanda wa kijani, na mtu hakuhitaji ufafanuzi, kwani miti ilionekana. Siku hizi neno hubandikwa penye chupa ya sabuni na mfuko wa plastiki, wala haielezwi sabuni hiyo imelihifadhi nini. Mama anayenunua na asome maandishi madogo ya nyuma kabla ya kulipia rangi ya mbele.

Na mapenzi ya mama yule kwa rangi hii hayakuwa na kosa lolote. Qur’ani imezitaja nguo za watu wa Peponi kuwa za kijani, katika Suratul Kahf na Suratul Insaan. Kuba la msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kule Madina, lilipakwa rangi hiyo katika karne ya 19, zama za utawala wa Kiothmani. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mkuu wa ofisi, alipolitamka neno lake, alikuwa akizungumza kutoka katika nyumba ile ile.

Tulimweleza mama haya yote, naye akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama inafaa mwanawe amwendee mkuu wake na kumwambia wazi kwamba hakulielewa onyo. Tulimjibu kuwa inafaa, na aende mapema, na aombe aandikiwe kwa maneno ya kawaida mambo anayotakiwa kuyarekebisha.

Juzi mama alitupigia simu. Kijana ameandikiwa mambo manne, la kwanza likiwa ni kuchelewa kupeleka hesabu za mwisho wa wiki. Amebakiwa na wiki 7. Mama amekwisha kumwomba radhi mwanawe. Majirani, anasema, atawaeleza majaribio yakimalizika.