Kangal au Akbash: mbwa wa zizi katika nyumba yenye swala



Dada mmoja, msomaji wetu wa Handeni, ametuandikia barua ndefu. Mumewe anafuga mbuzi na kondoo, na tangu mvua zilipokatika fisi wamekwisha ingia zizini mara tatu. Shemeji yake aishiye Uturuki ameahidi kuwapatia mtoto wa mbwa wa kulinda mifugo, na amewataka wachague kati ya aina mbili ambazo huku kwetu hazijulikani: Kangal au Akbash. Mume amekwisha chagua Kangal kwa kutazama picha tu. Dada yetu hana ugomvi na mbuzi kulindwa, lakini ana watoto wanne, wa mwisho angali anatambaa, na mama mkwe amesema kwamba siku mbwa atakapoingia kwa mlango mmoja, yeye atatoka kwa mlango wa pili.

Tuanze na mama mkwe, maana mbwa anaweza kusubiri. Hofu ya mzee huyu ina msingi. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba afugaye mbwa bila ya haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, kirati moja, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Lakini hadithi hizo hizo zimewatoa katika makatazo mbwa wa kuwindia, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Mbwa wa zizini, basi, amo katika ruhusa. Wa sebuleni hayumo. Na kwa kuwa wengi wetu hapa ni Mashafii, mbwa kwetu ni najisi nzito, na palipopatwa na mate au majimaji yake huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Shemeji anaishi na Mahanafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi lakini mwili wake sio. Akilizungumza jambo hili kwa wepesi, dada yangu, usimdhanie vibaya.

Barua haikugusa suala la bei, nalo si dogo. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na Mashafii hawaoni kuwa uuzaji wake unasihi, ilhali Mahanafi wameuruhusu kwa mbwa mwenye manufaa. Shemeji akimtoa kama zawadi, mambo ni mepesi zaidi. Ikiwa fedha zitatoka mfukoni mwa mume, amwendee sheikh wake kabla ya kuzituma, si baada.

Sasa mbwa wenyewe. Kangal ni jina la wilaya katika mkoa wa Sivas, nyanda za juu za Anatolia, ambako kiangazi huchoma na baridi hugandisha. Ni mbwa wa rangi ya mchanga mwenye uso mweusi, na dume hufikia kilo 50 hadi 60. Akbash maana yake kwa Kituruki ni kichwa cheupe. Asili yake ni magharibi ya nchi hiyo, mweupe mwili mzima, mwembamba zaidi na mwenye miguu mirefu. Weupe huo una kazi: mchungaji humtofautisha na mbwamwitu gizani. Wote wawili hawaswagi kundi. Huishi ndani yake, hubweka, huzunguka usiku, na adui akikaribia husimama kati yake na kondoo. Wachungaji wa Kituruki huwavisha kola ya chuma yenye miiba ili mbwamwitu asiwashike koo.

Tabia hiyo haiji kwa ukoo peke yake. Mtoto wa mbwa huwekwa zizini akiwa na umri wa wiki saba au nane, alale na mbuzi, azoee harufu yao, awahesabu kuwa jamaa zake. Akibembelezwa na watoto uani, atalinda ua na kuwaacha mbuzi. Hapa sheria ya dini na elimu ya ufugaji zimekutana pasipo kuagana, na mama mkwe huenda akafurahi kulisikia hilo. Tena mume afahamu kwamba mbwa huyu hukomaa akikaribia miaka miwili, na kabla ya hapo huenda akafukuza vitoto vya mbuzi kwa mchezo. Fisi wa mwaka huu hatawazuia yeye. Watazuiwa na boma la miiba lililozibwa vizuri, na kazi hiyo ianze kabla ya safari yoyote ya Uturuki.

Nikilazimishwa kuchagua, nami nitasema Kangal, ila si kwa ajili ya picha. Nchini Namibia, taasisi ya Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwagawia wafugaji mbwa wa ukoo huo wa Anatolia tangu 1994, kwa hiyo jua la Afrika limekwisha wajaribu. Akbash ni adimu zaidi. Hata mwenzi wa kuzaa naye atakuwa taabu kumpata. Lakini Uturuki inadhibiti utoaji wa Kangal nje ya nchi, basi shemeji aulize kwanza huko aliko. Na nikisema la moyoni, Botswana wamewafunza kazi hii hii mbwa wao wa kienyeji, walao kidogo na waliozoea maradhi ya huko. Mimi ningeanza na watoto wawili wa mbwa wa hapo hapo Handeni.

Awe wa aina yoyote, achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wenu. Siku ya Idi msimtupie maini wala mapafu mabichi: humo mna vifuko vya tegu ambao mbwa humrudishia binadamu, wakaota ndani ya ini lake. Apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya bwana mifugo.

Banda lake liwe ubavuni mwa zizi, mbali na kisima na mbali na kamba mnakoanika mikeka ya kuswalia. Chombo chake kiwe chake peke yake. Mwonyesheni mama mkwe mahali penyewe kabla mbwa hajaja, na mumwulize kama panamridhisha. Bila shaka naye atauliza ni nani atakayemlisha kila alfajiri, na jibu la hilo, dada yangu, alitoe mume.