Kwanza Wafungulieni Wavuvi Bahari

Na Amade Salimo
Safu ya kila wiki: Kutoka Diaca

Diaca, huku Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, haina ufuko. Samaki hutufikia kutoka Mocímboa da Praia kupitia Awasse, kwa pikipiki, baiskeli na mabasi madogo ya chapa, wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, jua au moshi. Hata hivyo fungu likishushwa sokoni kwetu, mwenye jicho zuri anaweza kusema limevuliwa wapi na kwa chombo gani.

Chambua fungu moja la hao wadogo wanaouzwa kama dagaa. Dagaa wenyewe wamo, wembamba, wanang'aa hata baada ya kukauka. Lakini katikati yao utaokota visamaki vipana vya urefu wa kidole. Kimoja kina meno yaliyoungana, kingine kina miiba mgongo mzima, kingine kina doa jeusi ubavuni. Huyo mtoto wa pono, huyo wa tasi, huyo wa changu. Mara nyingine utakuta kipande cha jani la bahari kimenasa mashavuni. Jani hilo linasema yote: samaki hawa wamekokotwa kwenye majani ya pwani, maji ya kiunoni, kwa juya la macho madogo au kwa chandarua cha mbu.

Tofauti hiyo si ndogo. Dagaa hukomaa upesi, hutaga mara nyingi na maisha yake ni mafupi. Ukimvua usiku wa giza, kwa taa, kwenye maji ya wazi mbali na mwamba, bahari inaweza kumrudisha. Zanzibar wanavua hivyo, wanakausha, na dagaa wao wanafika mpaka Kongo. Changu hana mwendo huo. Utoto wake anaupitisha majanini, na wengi wa jamaa zake huchukua miaka kabla ya kutaga mara ya kwanza. Kwa hiyo macho yaleyale madogo ya wavu yanaweza kuwa na nafuu kule nje na kuwa balaa hapa ufukweni. Mwaka 2020 watafiti Benjamin Jones na Richard Unsworth walichapisha matokeo yao baada ya kukagua samaki wa nyavu za kukokota katika sehemu kumi za kaskazini mwa Msumbiji, ambako vyandarua hutumika sana. Waliona samaki wachanga wengi wakiondolewa majanini, na wengi wao ni wa aina zile tunazozitegemea kwa biashara wakishakua.

Juya lina ubaya wa pili. Risasi zake huburura chini, zinang'oa majani na kuvunja matumbawe, hivyo kinachoharibika ni samaki wa leo pamoja na nyumba ya samaki wa kesho. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001, na utekelezaji wake ulikuwa wa kuvutana kwa miaka. Lakini kule pwani ya kusini, mtafiti Tim McClanahan alilinganisha bandari zilizoacha juya na zilizoendelea nalo, akakuta waliolitoa wanapata zaidi. Wavuvi wa mshipi, dema na nyavu za kutega ndio waliofaidika, maana samaki waliachiwa wakue.

Baruti sihitaji kuieleza sana. Ng'ambo ya Ruvuma, Watanzania waliipiga marufuku tangu miaka ya 1970, na bado mwaka 2015 wachunguzi waliopita pwani yao kwa mwezi mmoja wakisikiliza chini ya maji walihesabu milipuko zaidi ya 300. Mlipuko mmoja huua mayai, wachanga na wakubwa kwa pamoja, na wengi huzama bila kuokotwa.

Mshipi ndio chombo cha upole kuliko vyote, nami nautetea kila ninapopata nafasi. Hata hivyo nao una hesabu yake. Chewa wa aina nyingi huzaliwa majike na baadaye, wakishakuwa wakubwa, hugeuka madume. Mvuvi anayeng'ang'ania chewa wakubwa peke yao anaweza kuubakisha mwamba na majike yasiyo na dume. Dema nalo linaweza kuboreshwa kwa kazi ya nusu saa: Kenya wavuvi waliacha upenyo mwembamba pembeni mwa mtego, wachanga wakapita na wakubwa wakabaki, na thamani ya samaki waliopatikana haikuanguka. Jambo la namna hiyo fundi wa dema yeyote wa Mocímboa analiweza bila mradi wala mfadhili.

Kule nje zaidi kuna meli za nyavu za kuzungusha. Zinaacha maboya yanayoelea, sehewa wanakusanyika chini yake, na jodari wachanga wanakusanyika nao; wavu ukifungwa, wote wanapanda. Februari 2023, mjini Mombasa, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipiga kura kusimamisha maboya hayo kwa siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya, wenye meli nyingi za aina hiyo, ukaweka pingamizi, na uamuzi ukakosa nguvu juu yake. Nchi yetu nayo, mwaka 2013, ilikopa dola milioni 850 kwa jina la kampuni ya jodari, Ematum, zikanunuliwa boti 24 za kuvulia kutoka Cherbourg, Ufaransa. Boti zikaoza bandarini Maputo na deni likabaki kwa wananchi. Naumia kila ninapoikumbuka hesabu hiyo, kwa sababu sehemu ndogo tu ya fedha zile ingeijaza pwani ya Cabo Delgado mashua, mashine na mishipi.

Sasa nirudi kwenye chandarua cha mbu, na kwa mwanamke anayekikokota, maana yeye ndiye anayelaumiwa kwanza kila linapozungumzwa suala la uvuvi. Kwa nini yuko pale majanini? Vita vya waasi vilianza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji ulitekwa, ukakaa mikononi mwa waasi mwaka mzima. Watu walikimbia, wengine wakafika huku kwetu na kupita mpaka Mueda, na Diaca yenyewe haikusalimika. Waliorudi walikuta mashua zimechomwa, zimeibwa au zimepasuka kwa jua. Tangu hapo, mara kwa mara wanajeshi wamezuia safari za baharini, hasa za usiku na za visiwani, kwa kuhofia waasi kupita majini. Huko Palma, mradi wa gesi wa Afungi nao umechukua sehemu ya maji ya kuvulia. Mvuvi aliyekuwa akienda mwambani kwa mshipi au kuvua dagaa kwa taa amebakiwa na maji ya karibu, mchana, maji yakitoka. Pale palepale ndipo mwanamke anapokwenda kwa miguu na kurudi kabla ya jua kuzama, akiwa na chakula cha watoto wake.

Kumchomea chandarua huyo ni dhulma, na hakuokoi tasi hata mmoja, kwa sababu kesho njaa itampeleka tena. Mimi nataka majani ya bahari yapumzishwe. Nataka juya lisimame. Lakini amri ya kuliondoa ikitolewa kabla ya amri ya kufungua bahari, tutakuwa tumewaambia watu wa pwani wasile.

Wenye mamlaka ya wilaya na wakuu wa majeshi wakae na mabaraza ya uvuvi ya jamii. Mashua ziandikishwe, zipewe namba, na saa za kutoka na kurudi zitangazwe wazi, pamoja na usiku wa giza kwa wavuvi wa dagaa. Atakayesalimisha juya apewe mshipi, ndoana na nyavu za macho makubwa siku hiyohiyo, si ahadi. Kisha mabaraza yenyewe yachague majani ya kufungwa. Wavuvi wa kisiwa cha Vamizi waliwahi kutenga eneo lao wenyewe na wakalilinda. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Novemba, hata mashua ndogo zinaweza kufika nje. Orodha ya mashua iwe imekamilika kabla ya hapo, na ibandikwe ufukweni ambapo kila mvuvi ataisoma.