Maajabu ya Dunia Yaanzie Pwani Yetu



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu, ukurasa unaosomwa kwanza kila jarida hili linapotoka si wa mashairi wala wa matokeo ya mitihani. Ni ule wa "Je, Wajua?" Watoto huugombania, na watu wazima husomeana barazani. Hatuna neno na hilo, kwani kustaajabia viumbe vya Mwenyezi Mungu ni jambo jema. Neno letu ni juu ya vitu vinavyoletwa kuchapishwa.

Takriban vyote vimetoka mbali, na vingi vimenakiliwa kwenye simu bila kuulizwa. Kuna kimoja hakikosi kuja: kwamba Ukuta wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini. Si kweli. Mwaka 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, aliulizwa aliporudi, akasema hakuuona, na yeye hata hakufika mwezini, alikuwa akiizunguka dunia kwa karibu tu. Sisi wa madrasa tumezoeshwa kuuliza habari imepokewa na nani kutoka kwa nani. Hatuna udhuru wa kukubali neno kwa kuwa limeandikwa.

Rai yetu ni kwamba maajabu yaanzie hapa kwetu Jibondo na pwani hii, na anayeyaleta aseme kayapata kwa nani. Hatusemi hivi kwa kujisifia kisiwa. Tunasema kwa sababu mara nyingi kitu huitwa ajabu na yule asiyekijua, na kumbe yupo mvuvi aliyekijua zamani.

Hebu tumtazame samaki silikanti. Wataalamu wa Ulaya walimjua kwa mifupa iliyogeuka jiwe, na walikuwa na yakini kwamba alitoweka duniani kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 meli ya uvuvi ya Afrika Kusini ikamtoa mzima baharini, mwenye magamba mazito na mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo kama miguu. Bi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, ndiye aliyetambua kuwa huyu si wa kutupwa. Profesa J.L.B. Smith alipomthibitisha, dunia nzima ilishangaa. Kisha Smith akatafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha vikaratasi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani ya Afrika Mashariki hadi Ngazija na visiwa jirani vya Komoro.

Desemba 1952, kisiwani Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua mmoja usiku kwa mshipi, akampeleka sokoni kama samaki mwingine yeyote. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alikuwa amekiona kile kikaratasi, akamzuia asimkatekate. Samaki akabebwa hadi upande wa pili wa kisiwa, na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi iende kumchukua. Yote hayo kwa samaki ambaye wenyeji walikuwa na jina lake, gombesa, na walijua kuwa nyama yake ina mafuta na haina ladha. Husimuliwa hata kwamba magamba yake yalitumika kukwangulia mipira ya baiskeli kabla ya kuzibwa!

Tunamsifu mvuvi, na tunamsifu mwalimu vilevile. Bila ya yule wa kwanza samaki asingepatikana, na bila ya yule wa pili angekwisha chunguni. Na kwetu Tanzania, tangu mwaka 2003, silikanti wameingia katika majarife ya wavuvi wa Songo Mnara huko Kilwa, kisha Tanga, ambako mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Potwe naye tunamzoea mno. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kila mmoja ana madoa yake yasiyofanana na ya mwenzake, kama alama za vidole. Ili kuwatambua kwa picha, watafiti walichukua hesabu iliyotungwa kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota, wakaitumia kwa madoa hayo. Wakaja kugundua pia, kwa vifaa walivyowafunga, kwamba potwe wengi wa Mafia hawahami msimu ukiisha, bali husogea mbali na ufuo.

Kuna jingine, na hili wazee wetu watacheka. Karibu miaka 2,000 iliyopita baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za bahari hii. Ametaja kisiwa akiitacho Menuthias, ambacho wengine husema ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Anasimulia kwa mshangao kuwa watu wa huko wana vyombo vya kushonwa kwa kamba, na wanakamata kasa kwa vikapu vya kusuka vinavyotegwa penye mlango wa maji kati ya miamba. Mtoto wa Jibondo anayejua dema hahitaji kuelezwa zaidi.

Linalotutia hofu ni hili. Huyo Mgiriki aliandika, sisi hatuandiki. Jahazi hujengwa kwa macho ya fundi, bila mchoro, na kila taruma lina mahali pake. Mwanafunzi anayeweza kukutajia urefu wa mnara wa Paris hajui babu yake alikuwa akichagua mti gani wa mkuku, na kwa nini. Babu akifariki, hilo halipatikani kwenye simu yoyote.

Kwa hiyo toleo lijalo, inshaallah, kila mwanafunzi alete jambo moja tu la kwetu: jina la upepo, la nyota, la mwamba, la kipande cha chombo, pamoja na jina la aliyemfundisha. Na kama kuna mzee mwenye jina la hapa kwetu la yule silikanti, tunaomba tuletewe mapema, kabla ukurasa haujajaa.

Wabillahi tawfiq.